Moshi wa Alhamisi

Waride alibonyeza kitufe, akakiachia, akangoja. Feni ilizunguka ndani ya kasha, taa ndogo ya kijani ikawaka, kisha kompyuta ikaanza kulia: mlio mmoja mrefu, kimya, mlio mwingine mrefu, kimya. Kioo kilibaki cheusi. Kitu pekee alichokiona humo kilikuwa uso wake mwenyewe, na haukuwa uso wa kupendeza asubuhi hiyo.

"Inaumwa?" aliuliza Bi Mwanahalima, mama mkwe wake, akiwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele mikononi.

"Imegoma kuwaka, mama."

"Maskini."

Bi Mwanahalima aliliangalia lile kasha kwa huruma ya kweli, kama anavyoangalia mgonjwa aliyelazwa bila ndugu, kisha akarudi zake uani kupepeta mchele.

Kompyuta hiyo ilikuwa na safari yake. Shirika la umma ambalo Waride alilipigia chapa huko Dar es Salaam tangu usichana wake lilipobinafsishwa, wafanyakazi walipunguzwa, na kila aliyepunguzwa aliambiwa achague kitu katika vile ambavyo mwekezaji hakuvitaka. Watu wenye akili zao walichukua meza, makabati na feni za dari. Waride alichukua kompyuta na printa yake. Alirudi navyo Kibiti juu ya basi, vimefungwa ndani ya godoro, na kila basi lilipoingia shimoni alishika kifua. Mumewe, Husseini, alicheka mpaka akatoa machozi. Alipomaliza kucheka akampa chumba cha mbele, kile chenye mlango unaotazama barabara kuu, akamchongea na meza.

Mwaka uliofuata Husseini akafariki. Waride alikaa eda, na alipotoka aliketi kwenye ile meza akaanza kuchapa: mitihani ya shule za kata mpaka Ngorongo, barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, na siku hizi kadi za harusi. Wale waliokuwa wakimtania kwamba amenunua televisheni isiyoonyesha mpira sasa walikuwa wanabisha hodi mapema kuwahi nafasi.

Asiyetania wala kubisha hodi alikuwa Khalidi, mdogo wa marehemu Husseini, mfanyabiashara wa Ikwiriri. Daraja la Ndundu, kwenye Mto Rufiji, lilikuwa karibu kumalizika. Pantoni ingepumzika, magari ya Lindi na Mtwara yangepita bila kusota mtoni, na kila mwenye macho alijua chumba kinachotazama barabara kitakuwa na thamani gani. Khalidi alitaka kuuza saruji na mabati. Nyumba ilikuwa ya baba yake, na yeye ndiye aliyeleta fedha za kumtunza mama, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Walikubaliana mbele ya Bi Mwanahalima kwamba chumba ni cha Waride maadamu kina kazi. Kikilala, Khalidi anakichukua.

Waride hakuogopa njaa. Khalidi si mtu wa kuacha mjane wa kaka yake alale na njaa. Aliogopa uani. Aliogopa kurudi kuwa mwanamke wa kukaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anayengoja kupewa, anayeulizwa na wageni kama hajambo na basi. Kwenye meza ile alikuwa Waride. Huko nyuma angekuwa mke wa marehemu.

Alianza na Mshamu, mwenye mashine ya kusaga jirani, kwa kuwa umeme wake wote ulikuja kwa waya kutoka kwenye jenereta ya Mshamu.

"Jenereta yangu haina kosa," alisema Mshamu, nywele na nyusi zimejaa unga. "Angalia hawa akina mama wanavyosaga. Kuna unga uliotoka mbichi?"

"Sisemi ina kosa, kaka Mshamu. Nasema labda umeme ulipanda."

"Umeme ukipanda taa yangu ingepasuka. Taa ile pale, nzima."

Ilikuwa nzima. Stabilaiza, kidude cha kutuliza umeme, nayo ilikuwa nzima, mshale wake umetulia katikati. Waride alichomoa nyaya zote, akazifuta kwa kitambaa kikavu, akazichomeka tena, akapiga bismillahi na kubonyeza. Kompyuta ikalia vilevile, bila hata kubadilisha sauti.

Alasiri akaja Feisal, fundi redio wa sokoni, kijana mwenye mikono ya upole. Alifungua skrubu, akaondoa ubavu wa kasha, akachungulia kwa tochi huku na huko. Mwisho akaingiza pua.

"Dada Waride, nisikudanganye. Redio nitaifufua hata kama imelala Rufiji wiki nzima. Hii siijui. Ningesema bodi imeungua, lakini kitu kilichoungua kinanuka. Hiki kinanukia."

"Kinanukia?"

"Kama bibi harusi."

Waride alicheka bila furaha. Nyumba nzima ilinukia, miaka yote. Mwenyewe alishaacha kuisikia harufu hiyo. Alimshukuru Feisal, akarudisha ubavu wa kasha bila kukaza skrubu. Juu ya meza, chini ya jiwe la mtoni, zilikuwepo karatasi ngumu za rangi ya waridi kwa ajili ya kadi za Amal, binti wa Mwanahawa, muuza khanga. Karatasi tupu.

Habari za Kibiti hazisubiri gari. Alhamisi asubuhi dereva mmoja wa Ikwiriri alisimamisha lori mlangoni akaleta salamu: Khalidi amesikia, pole sana, na kesho baada ya sala ya Ijumaa atakuja na fundi wa kupima chumba.

Bi Mwanahalima aliisikia salamu hiyo, akajifunga khanga yake vizuri zaidi. Waride alikwenda kituo cha mabasi, kwenye kibanda cha simu za kukodi, akampigia Hanifa. Hanifa na yeye walikuwa wakikaa meza moja shirikani, wakigongana viwiko kwenye taipureta. Yeye alibahatika kupata ofisi nyingine ya mjini, na humo alikuwa anashinda na kompyuta.

"Inalia au imenyamaza?" aliuliza Hanifa.

"Inalia, shoga. Mlio mrefu, inapumzika, inalia tena."

"Basi haijafa. Ingekufa ingenyamaza. Hiyo ni memori inasumbua. Ukifungua ubavu utaona vibao viwili vyembamba vimesimama pamoja, vina meno ya rangi ya dhahabu kwa chini. Meno yamechafuka. Vitoe, usugue meno kwa kifutio, urudishe mpaka visikike vimekaa. Umeiweka karibu na jiko?"

"Jiko liko uani."

"Basi kuna kitu kinaingia humo ndani. Tafuta ni nini, la sivyo mwezi ujao utanipigia tena."

Alirudi kwa haraka, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya mvua ya jana. Alipofika barazani akaona mlango wa chumba cha mbele umerudishwa. Akausukuma.

Bi Mwanahalima alikuwa amechuchumaa mbele ya meza. Chini ya meza, palepale penye matundu ya kasha, paliwekwa chetezo kilichojaa makaa, na juu ya makaa ubani na udi vilikuwa vinachemka na kutoa moshi mzito mweupe. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Ilikuwa inalia. Feni ilikuwa inazunguka, na moshi wote, badala ya kupanda juu kama moshi wa watu, ulijikunja na kuingia kwenye matundu taratibu, kama uzi unaoingia kwenye sindano.

"Unafanya nini, mama?"

"Naitibu," alisema Bi Mwanahalima bila kugeuka. "Leo nimeiongezea dozi."

"Umeiongezea?"

"Kila Alhamisi ukienda sokoni huwa naifukiza. Hukujua? Watu wanaingia humu, wanaikodolea macho, wanatoka. Macho yote hayo yanakwenda wapi? Kwetu Mbwera kitu cha thamani hufukizwa. Nguo, kitanda, mtoto mchanga." Akageuka sasa, uso umejaa fahari. "Nayo inapenda, mwanangu. Angalia inavyouvuta."

Waride aliketi sakafuni. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, kwa ajili ya Alhamisi zote tangu atoke eda. Akafungua mdomo aiseme. Mbele yake alikuwa mwanamke mzee mwenye makaa na udi wa akiba, ule wa kufukizia nguo za Idi, akiuchoma kwa ajili ya kasha la bati ili mke wa mwanawe asiondolewe chumbani. Hasira ikakosa pa kukaa. Alichomoa waya wa umeme, akakitoa chetezo nje, akarudi, akamshika mkono.

"Mama, inaupenda mno. Ndiyo maana imevimbiwa."

Bi Mwanahalima alielewa taratibu. "Ni mimi?"

"Ni moshi," alisema Waride. "Nishikie tochi."

Ubavu ulipoondolewa waliona wote wawili. Vumbi lilikuwa limegandiana na ubani, likafanya utandu wa kahawia kila mahali, juu ya feni, juu ya nyaya, juu ya vile vibao viwili. Waride alivichomoa kimoja kimoja. Meno yalikuwa meusi na yananata. Alijaribu kwa upindo wa khanga. Utandu ulihama tu ukakaa pengine. Hapo akakumbuka kopo lake.

Ndani ya kopo la maziwa, pamoja na sindano na vifungo, kilikuwemo kifutio chake cha taipureta, kile cha duara, kigumu, chenye kibrashi mkiani. Siku ya mwisho kazini alikitumbukiza kwenye mkoba bila kujua kwa nini. Ujana wake wote uliishia kwenye kifutio hicho: kufuta herufi moja iliyokosewa kwenye barua ya mkurugenzi bila kutoboa karatasi. Ukikandamiza, unatoboa na kuanza upya. Ukilegeza, kosa linabaki. Mkono wake uliujua mpaka huo hata gizani.

Alisugua. Jino moja, la pili, akipuliza, akifagia kwa kibrashi. Weusi ulitoka, dhahabu ikachomoza. Bi Mwanahalima alishika tochi kwa mikono miwili na hakupepesa macho. Walipomaliza vibao walisafisha hata vijishimo vyake, hata mapanga ya feni, mpaka sakafuni pakawa na kichungu cha takataka zinazonukia vizuri kuliko duka la manukato. Kila kibao kilirudi mahali pake kwa mlio mdogo mkavu.

Ndipo wakagundua kimya. Mshamu alikuwa ameshazima jenereta, na Ijumaa hakuwa akiiwasha kabla ya sala.

Waride hakulala vizuri, na hakuna haja ya kueleza zaidi.

Khalidi alifika na kanzu yake ya msikitini, nyuma yake fundi mwenye futi kamba kiunoni. Alimbusu mama yake mkono, akamgeukia Waride, na hakuwa na raha.

"Shemeji, unajua sina ugomvi na wewe."

"Najua, shemeji."

"Lakini chumba hakiwezi kulaza bati bovu wakati daraja linakaribia kumalizika."

"Ngoja Mshamu awashe," alisema Bi Mwanahalima.

"Mama, akiwasha kutakuwa na nini?"

"Nimesema ngoja."

Fundi, ambaye hakuambiwa angoje, alianza kupima kutoka mlangoni. Futi kamba ilipita chini ya meza, ikapita juu ya miguu ya Waride. Jirani, jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mshale wa stabilaiza ukapanda, ukatulia. Waride alifuta kidole chake kwenye gauni, akabonyeza.

Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kisha mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu anayeitika jina lake.

Herufi nyeupe zikaanza kushuka kwenye kioo cheusi. Waride alizitazama zote, hata zile asizozielewa, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya shemeji yake na mbele ya fundi, wala hakuyafuta. Bi Mwanahalima alipiga kigelegele kilichowatoa akina mama wote kwenye mashine ya Mshamu, wakaja kusimama mlangoni na ndoo zao za unga.

Fundi alibaki amechutama, futi mkononi. "Sasa bosi, nipime au nisipime?"

Khalidi alikitazama kioo, akamtazama mama yake aliyekuwa bado anapiga vigelegele, akavua kofia na kujikuna kichwa. "Kunja futi yako," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejifanya anauliza jambo lingine: "Shemeji, bango la kutangaza saruji, unaweza kuchapa? Nimeona kibanda kingine kule upande wa stendi."

"Kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Dereva aone akiwa kwenye mwendo."

Kadi za Amal zilitoka jioni hiyohiyo, printa ikitatarika kama cherehani. Jumamosi Mwanahawa alikuja kuzichukua. Alishika ya kwanza, akaisoma, akaisogeza puani. Waride akajua: karatasi zile zilikaa juu ya meza, karibu na moshi, mpaka zikalowa harufu. Alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Mmezifukiza?" aliuliza Mwanahawa.

"Ni kwamba, dada..."

"Mwaliko unanukia kabla ya harusi yenyewe." Aliinusa tena, macho amefumba. "Hakuna mtu Kibiti nzima atakayekuwa na kadi kama hizi."

Lakini watu walitaka wawe nazo. Kabla mwezi haujaisha walikuja wengine wawili, kisha mama mmoja kutoka Ndundu kabisa, na wote waliuliza kwanza kuhusu harufu, maandishi baadaye.

Siku hizi Alhamisi mlango wa ndani wa chumba cha mbele unafungwa. Bi Mwanahalima anakaa uani na chetezo chake, tenga limefunikwa juu yake, kadi zimetandazwa juu ya tenga, naye anazigeuza moja moja kwa ncha za vidole. Printa inatatarika huko mbele. Inaponyamaza, naye anasimamisha mkono, anasikiliza, mpaka ianze tena. Upepo ukigeuka na moshi ukaelekea dirisha la chumba cha mbele, anainuka, anashika upindo wa khanga, na kuupunga moshi polepole uende zake barabarani.