Bahari Nyumbani kwa Cadija

Hivi wewe, mgeni akibisha hodi na maji yamejaa ndani mpaka magotini, utamkalisha wapi? Cadija alimkalisha balozi wa nchi ya kigeni kwenye kitanda cha kamba alichokiinua kwa matofali, maana viti vilikuwa vinaelea.

Maji yenyewe ni ya bahari. Tangu watu wahamishwe pwani wakapewa nyumba huku bara, na njia ya zamani ikafungwa kwa waya wa mitambo ya gesi, bahari humfuata Cadija kila maji yanapojaa. Yakipwa, inarudi kwao. Majirani wamezoea, wanapandisha magodoro mapema. Ila inakuja mikono mitupu. Chaza na kombe alizookota tangu usichana, za kulisha wajukuu, zimebaki kule nyuma ya waya.

Balozi alikuja kuposea makampuni ya kwao kazi za gesi. Serikali yake ilimtanguliza kama mshenga, awasifu: hawa wajenzi hodari, hawa wana mashine madhubuti, wote wa nyumba njema. Wafanyabiashara wenyewe walisimama nyuma yake, suruali wamekunja, wanapiga picha. Kabla yake alikuja balozi wa nchi nyingine, naye akiposea wake.

"Mposaji kaja, mwali haulizwi!" Felismina, jirani, alicheka dirishani.

"Shangazi, shukuru basi," alinong'ona Rizuane, mpwa wa Cadija, mkalimani wa distrito, yaani wilaya.

"Kwanza ale."

Kwa Cadija, mgeni haombwi kitu kabla hajala na kunawa. Yule balozi wa kwanza hakula, naye Cadija akanyamaza na haja yake. Leo alipika wali wa nazi na kisamvu, akaushika kwenye sinia juu ya maji usilowe.

Balozi alitazama saa. Akagonga ukuta, akausifu.

"Anasema kwao kuna kampuni ya pampu," alisema Rizuane. "Nzuri sana, za kutoa maji haya."

"Wayapeleke wapi? Yana kwao."

Honi ikalia nje. Wageni wakaanza kutoka, wali haujaguswa.

"Rizuane, mwambie. Hajala, lakini mwambie nataka njia ya pwani."

Rizuane akamtazama bosi wake wa distrito, aliyesimama mlangoni. Akasema kwa Kireno kwamba shangazi anashukuru kwa pampu.

Balozi akatabasamu, akampa mkono. Cadija hakuuachia. Akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake, taratibu:

"Baba, nifungulieni njia nikaokote chaza."