Kichwa Kilichoinama

Bibi mmoja ambaye Nashilu hakumjua aliingia dukani kwake, mtaa wa Themi, bila hodi, akamwekea kiganja utosini.

"Mungu akukuze, mwanangu," alisema. "Nilidhani mabinti wa mjini mmesahau kuinamia wakubwa."

Nashilu alishtuka. Hakuwa ameinama kwa heshima. Alikuwa ameinamia simu, akiwajibu wateja wa viatu vya mtumba waliotaka picha, saizi, rangi, kisha picha tena. Tangu asubuhi hakuwa ameinua shingo. Aibu ikamshika. "Shikamoo, koko," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya nyumbani.

Arafa, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliangua kicheko. "Koko, usidanganyike! Huyo anaisujudia simu. Kwa shingo hiyo, siku si nyingi atadonoa mchele kama kuku."

Bibi hakucheka. Alijitaja kuwa ni Nasieku, kutoka magharibi ya Mlima Meru. Mumewe, mzee Kasaine, alikuwa amefariki juzi. "Alikusikia ukiimba siku ya mavuno kanisani kwetu. Akasema, nikiondoka, yule binti aniimbie. Ubeti mmoja tu. Tunazika kesho kutwa, saa sita."

Kwa Nashilu, sauti ndiyo kitu pekee alichopewa bila kuomba, na sasa ilikuwa inamponyoka. Jumapili mbili mfululizo pumzi ilimkatikia katikati ya mstari, kwaya nzima ikamtazama. Alikuwa amekwenda hospitali akiamini ana ugonjwa wa moyo. Daktari alimpima, akampima tena.

"Moyo mzima, mapafu mazima," alisema. "Ila kutwa umejikunja juu ya simu. Mbavu zimebanwa, hewa ikae wapi? Nyanyua kichwa, dada. Ipumzishe hiyo simu."

Aipumzishe! Simu ndiyo duka lenyewe. Ikilala, naye analala njaa.

"Koko, sina pumzi," alimwambia Nasieku, machozi yakimlenga. "Nitakuaibisha mbele ya jeneza."

"Mzee mwenyewe mwezi mzima alipumua kwa kudokoa. Pumzi fupi sisi hatuionei haya."

"Nitakuja," Nashilu alisema, kabla hajayapima maneno. "Na simu nitaizima."

Siku mbili alijaribu, mgongo ukutani, kidevu juu. Kila mara mstari ulikatika pale pale.

Asubuhi ya maziko ukaingia ujumbe alioungoja miezi mitatu, wa mteja aliyetaka robota zima la viatu vya wapagazi wa mlimani. *Nakupigia saa sita. Usipopokea, nachukua kwa mwingine.*

Aliusoma hadi shingo ikamuuma.

Saa sita, kaburini, akaizima simu.

Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukakatika. Mtu akakohoa. Nashilu alitamani ardhi immeze yeye badala ya mzee. Akanyanyua uso kuelekea mlimani, akarudisha mabega nyuma ingawa yaliuma, akangoja. Hewa iliingia kidogo kidogo, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Akaimba maneno matatu. Akangoja tena. Ubeti ambao zamani aliumaliza kwa pumzi mbili, siku hiyo alihesabu tisa, wala hakuacha neno.

Saa sita na nusu ilipita, na robota lake likaenda nayo. Nashilu alimfuata Nasieku, mikono mitupu, akainamisha kichwa. Kiganja kikatua utosini, kikakaa.