Daraja la Arobaini na Sita

Jumanne, wiki ya pili ya Februari, saa moja na nusu asubuhi. Baridi kali, upepo hakuna, na juu ya maji ya mfereji ganda jembamba la barafu.

Thelma Garrity alikuwa amepiga magoti kwenye tezi, nyuma ya mashua yake, akichota maji ya ngama yaliyotuama chini kwa kopo, aliposikia mtu akigonga paa. Hakuhitaji kuinua kichwa. Wakazi wa mfereji hugonga mara moja na kuita jina. Huyu aligonga mara tatu na kunyamaza.

Alikuwa Adrian Pym, mkaguzi wa Kampuni ya Mfereji wa Hobley, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kompyuta bapa mkononi na glavu iliyokatwa kidole gumba ili aweze kuandikia. Alimwamkia kwa adabu, kisha akamweleza alilokuja kulisema. Leo ilikuwa siku ya kumi na nne. Asiye na gati la kudumu hana budi kuhamia mahali pengine kila baada ya siku kumi na nne. Ikifika saa sita mchana mashua iko hapo hapo, ataandikiwa kosa la tatu, na mwenye makosa matatu hapewi leseni tena. Mashua isiyo na leseni huinuliwa kwa winchi na kupelekwa bohari.

Thelma aliyajua hayo yote. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mashua hiyo, yenye urefu wa futi hamsini na saba na upana usiotimia futi saba, ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Mwenye nyumba wa zamani alipouza jengo alilokuwa amepanga kwa miaka kumi na tisa, Thelma alinunua bodi tupu la chuma lenye kutu. Kwa vipupwe sita alilijaza kwa mikono yake: sufi ya kuzuia baridi, mbao za msonobari, jiko la makaa, kitanda kinachokunjwa mchana kikawa meza. Hakuwa na mlango mwingine wa kufungua duniani.

Tatizo lilikuwa giaboksi. Ilikuwa juu ya meza ya fundi, imefunguliwa, ikingoja mpira wa kuzuia mafuta utakaofika Alhamisi. Thelma alikuwa ameiomba Kampuni nyongeza ya siku tatu na kuambatisha barua ya fundi. Jibu lilikuwa kwamba ombi linashughulikiwa.

"Linashughulikiwa na nani?" aliuliza.

"Mama, mimi sipo upande huo. Mimi ni wa kuhesabu tu."

"Basi nihamie daraja lile pale."

Pym alitikisa kichwa. Kuanzia daraja la arobaini na moja hadi la arobaini na tano, Kampuni huhesabu ni mahali pamoja. Mahali pengine panaanzia la arobaini na sita, maili moja na nusu kutoka hapo. Na bila injini, aliongeza kwa upole, chombo hakisafiri.

Hapo Alf Rudkin akaingilia. Alf alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, muuza makaa wa mfereji, ambaye mashua yake ilikuwa nchi kavu wiki hiyo ikipakwa lami tumboni. Alikuwa amesimama kando na kikombe cha chai, akisikiliza bila kuona haya.

"Bwana mdogo, mfereji huu ulichimbwa kabla babu yake aliyebuni injini hajazaliwa. Unadhani makaa yalifika Hobley kwa kuogelea?"

"Kulikuwa na farasi, Mzee."

"Na farasi akichechemea, mama yangu alivaa kamba. Sheria yako inasema kusafiri. Nionyeshe panaposema kwa injini."

Pym alipekua kioo chake kwa dakika nzima. Hapakuwepo.

Thelma aliinuka, akajifuta mikono, akashuka ukingoni. Alifunga kamba ndefu kwenye pete ya paa, akang'oa vigingi viwili na kumpa Alf usukani, kwa kuwa nyonga ya mzee isingeweza kuvuta hata mkokoteni. Aliipitisha kamba begani, akaikaza na kuvuta kwa nguvu zote. Mashua haikutikisika. Buti zake ziliteleza kwenye jalidi ya njia ya ukingoni.

"Usiivute," Alf alimwambia kutoka tezi. "Iegemee, halafu ngoja. Tani kumi na sita hazilazimishwi, zinangojwa."

Aliegemea. Alihesabu hadi kumi na nane. Barafu ikalia kama sahani inayopasuka, na omo, pua ya mashua, likaanza kusogea.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Pym alitembea nyuma yao, alitakiwa kushuhudia. Kwenye daraja la arobaini na tatu, ambapo njia hubanwa na ukuta, kona ya tao imevikwa chuma, na chuma kimechimbwa michirizi yenye kina cha kidole, kazi ya kamba za watu waliotangulia. Kamba ya Thelma ilitumbukia kwenye mmojawapo yenyewe, ikapita bila kukwama. Hakusimama kutazama. Ukisimama, tani kumi na sita zitakukuta.

Kwenye daraja la arobaini na nne bega liliwaka moto. Kwenye la arobaini na tano alihamishia kamba bega la pili, na Pym akauliza, kwa sauti ndogo, kama angependa kupumzika.

"Kapumzike wewe," alijibu. "Mimi nasafiri."

Saa tano na dakika arobaini omo lilipita chini ya daraja la arobaini na sita. Thelma alipigilia vigingi, akafunga mashua, kisha akasimama mbele ya mkaguzi.

"Andika."

Pym aliandika namba ya mashua, kisha akakwama. Kompyuta ilimtaka achague moja: imehama kwa injini, imevutwa na chombo kingine, haikuhama. Bila kuchagua, taarifa haiwezi kutumwa. Aligeuza kioo wakione.

"Nitaweka injini," alisema. "Nakusaidia, mama."

"Hunisaidii. Nimeomba siku tatu kwa sababu injini ni mbovu. Ukiandika injini, kesho mtasema nilidanganya, na kosa la tatu litakuwa hilo."

"Basi niandike nini?"

"Ulichokiona. Umetembea maili moja na nusu ukikiona."

"Hakuna kisanduku cha hicho."

"Basi si mimi niliyekosea," Thelma alisema. "Na sisogei mbele yako mpaka ukiri hivyo kwa mkono wako."

Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti na bahasha ya barua ya fundi. Pym aliitazama kalamu, akautazama mfereji upande walikotoka, ambako mkondo mweusi ulikuwa umepasua barafu katikati. Alivua glavu.

Aliandika mistari miwili kwenye bahasha, kwamba mashua imehama kwa kuvutwa kwa kamba na kwamba kompyuta haina kisanduku cha hilo, akatia sahihi na saa, akarudi kulifuata gari lake bila kutuma taarifa. Alf alitia sahihi chini yake kama shahidi, akachechemea kurudi kwenye gati kavu kuipaka mashua yake lami mara ya pili. Thelma aliifungia bahasha kwenye bati la biskuti, akachemsha maji, akabadili blauzi iliyogandamana na bega, na saa nane kamili alikuwa kazini kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Kabla ya kutoka alihesabu siku kumi na nne kwenye kalenda ya ukutani. Pale ambapo kila mara huandika "hama", safari hii aliandika "vuta".