Upepo Unavuja kwenye Gari la Arlen

Mimi sina ugomvi na gari la mume wangu. Ugomvi wangu ni na barafu. Miaka kumi na moja sasa naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa makoti mawili, natoka nje kukwangua barafu kwenye kioo cha gari langu mpaka vidole vinakufa ganzi. Na gari la Arlen, kidude cha buluu kisichobeba hata gunia la viazi, limelala gerejini linaota hita! Mimi ni muuguzi, nazunguka majumbani kwa wagonjwa. Gari langu lina kazi. La Arlen linapumzika uchovu wa kazi ambayo halijaifanya.

Januari hii nikasema basi. Tukaandikiana mkataba, tukabandika karatasi kwenye friji kwa sumaku. Jumamosi, kwenye mashindano ya magari juu ya ziwa lililoganda, gari la Arlen likimaliza mizunguko yote kumi, linabaki gerejini na mimi nifunge mdomo wangu mpaka uzeeni. Likizimika njiani, kama lilivyofanya miaka miwili mfululizo, linauzwa, na langu linaingia ndani. Arlen akatia sahihi kwa mbwembwe. Jumatatu, gari likaanza kukosa nguvu.

Likisimama, mngurumo wa injini unapanda na kushuka wenyewe. Ukikanyaga mafuta, mshale wa kupimia upepo wa turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, mshale ambao hufika kumi na nne, unafika saba na kukata tamaa.

"Turbo imekufa hiyo," akasema shemeji Delbert. Huyu ndiye aliyemuoa mdogo wangu. Anajua magonjwa yote ya magari na hajawahi kuponya hata moja.

"Haijafa," akasema Arlen. "Upepo unavuja mahali."

"Mimi nakwambia imekufa. Nunua nyingine."

"Nikuuze wewe kwanza, ndiyo ninunue?"

Jumanne wakaamua kupima. Upimaji wenyewe ni huu: unachukua kifuniko cha plastiki cha mabomba ya maji, unakitoboa, unakitia nozeli ya tairi, unaziba nacho mdomo wa turbo, halafu unajaza upepo kwa kompresa. Upepo utakapotokea ndipo penye tundu. Kila mwanaume wa mji huu anayecheza na magari haya anacho kifuniko kama hicho, na kila mmoja anaapa cha kwake hakina hatari.

Nilikuwa jikoni niliposikia mlio. Nikatoka mbio. Delbert alikuwa amelala chini amejifunika kichwa. Kifuniko kilikuwa kimechomoka kikaruka gereji nzima, kikampata samaki wa Arlen, yule aliyekaushwa na kutundikwa ukutani kama pambo. Miaka ishirini samaki yule hakuwahi kuguswa na kitu. Sasa hana mkia.

"Delbert! Hukukaza kibano?"

"Nilidhani umekaza wewe!"

"Wewe ndiye uliyeshika bisibisi!"

"Kushika si kukaza, bwana!"

Wakafunga upya, mara hii wakakaza wote wawili. Lakini kuutafuta upepo kunataka ukimya, na kumnyamazisha Delbert ni kutwanga maji kwenye kinu. Arlen ananyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira ya kupitishia upepo, anatega sikio, Delbert anasimulia gari la binamu yake wa Duluth. Mwishowe Arlen akaniangalia.

"Marlys, kile kidude chako cha kusikilizia mioyo unacho?"

Nikakileta. Nimesikiliza vifua vya watu miaka thelathini. Nikainama juu ya injini, nikasogeza kidogo kidogo. Mbele, kimya. Kando, kimya. Nyuma kabisa, chini, kule mkono unakofika kwa shida, nikausikia: sssss.

"Kule nyuma mmeangalia?" nikauliza.

Arlen hata hakugeuka. "Kule achana nako. Kule nilifanya mwenyewe."

Ni kweli alifanya mwenyewe. Msimu wa majani kuanguka, yeye na wenzake wote walishikwa na homa ya kupunguza mipira kwenye injini. Eti ni mingi mno, eti inachafua sura. Akang'oa nusu ya ile midogo inayopitisha hewa, na vichwa vilivyobaki wazi akaviziba kwa vifuniko vya mpira vidogo kama maganda ya karanga. Kisha akatuita sote tukasifie. Sasa mtu wa aina hii atakagua kazi ya kiwanda, atakagua ya fundi, atakagua ya Delbert. Kazi ya mikono yake mwenyewe haikagui ng'o.

"Lakini Arlen, nimesikia..."

"Mke wangu, wewe pima presha za wazee. Hii tuachie."

Delbert akacheka. Alicheka mpaka akakohoa!

"Haya," nikasema, nikakunja kidude changu, nikarudi jikoni. Mimi nikisema haya namna ile, watoto wangu hukimbilia vyumbani. Arlen na Delbert hawakukimbia. Shauri yao.

Jumatano wakabadilisha bomba kubwa la mpira. Mshale, saba. Alhamisi wakabadilisha plagi, wakafungua valvu wakaifunga, wakagombana, wakapatana. Saba. Nami niseme ukweli, nilikuwa najua na nilinyamaza, na nilifurahi. Niliwapelekea pai ya tufaha. Nilisimama mlangoni nikasema, "Poleni na kazi," nikarudi ndani nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilishaiona asubuhi ya Jumatatu: natoka jikoni na kikombe changu cha kahawa, naingia kwenye gari lenye joto, naondoka. Kikwanguo cha barafu nitakichoma moto.

Ijumaa nikarudi kutoka kazini saa kumi jioni. Mlango wa gereji ulikuwa wazi nusu. Delbert hakuwapo. Arlen alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mitupu, na gereji imefagiliwa. Yale makopo niliyoyalalamikia tangu tuoane yamepangwa ukutani. Na katikati, kutoka darini, palikuwa na kamba mpya, na mwisho wa kamba mpira wa tenisi wa kijani.

"Hii nini?" nikauliza, ingawa nusu ya nyumba za mtaa wetu zinao. Unaingiza gari taratibu, mpira ukigusa kioo, unasimama.

"Ya kwako," akasema. "Nimepima urefu na kimo cha gari lako asubuhi ulipokuwa unaoga. Ukiingia, mpira ukikugusa, hapo hapo simama. Friza iko mbele, usije ukaigonga."

"Lakini mashindano ni kesho."

"Kesho litazimika, Marlys. Nimekwisha kubali. Mwenye duka la matairi atakuja kuliangalia Jumapili." Akaligusa taa ya mbele. "Nilikuwa nakusikia lakini. Ukikwangua. Kila siku nakusikia, najifunika blanketi."

Jamani. Mtu akiwa mkorofi ninamuweza, nimeolewa naye miaka ishirini na tisa. Akiwa hivi simuwezi.

"Arlen, nililisikia tundu," nikasema. "Tangu Jumanne."

"Tundu gani?"

"Lako! Kule nyuma ulikoniambia niachane nako. Nilikuwa nakwambia ukaniambia nipime wazee, na yule mpumbavu akanicheka, basi nikakaa kimya. Nilitaka gereji. Haya, nimesema. Nipige na kifuniko chako."

Arlen akainuka kwenye ndoo. Halafu akachukua tochi na kioo kidogo, akalala kifudifudi juu ya injini, miguu inaning'inia. Nikasikia sauti yake kutoka huko chini.

"He! Kifuniko kimepasuka huku na huku! Baridi imekikausha. Nani kaweka takataka hii?"

"Wewe."

"Nimeuliza tu," akasema.

Akakata kipande cha mpira mgumu, akakipachika pale, akakiziba kwa bolti, akakibana pande zote mbili. Tukaenda mpaka njia panda na kurudi. Mshale ukapanda kumi na nne ukatulia. Arlen alipiga kelele, nami nikapiga kelele naye, halafu nikakumbuka ninachokishangilia ni barafu yangu mwenyewe.

Jumamosi gari likamaliza mizunguko kumi. Lilikuwa la tisa kati ya kumi na mawili, lakini karatasi ya friji haikusema lishinde. Delbert akamwambia kila mtu pale ziwani kwamba yeye tangu mwanzo alisema upepo unavuja. Nilimwacha. Nilikuwa na huzuni na furaha kwa pamoja, na miguu ya baridi.

Tulirudi nyumbani kwa msafara, mimi nyuma na Delbert nyuma yangu. Arlen akafungua gereji na kuingia kwa madaha, kofia ya mashindano bado kichwani, anatupungia mkono dirishani huku anausubiri mpira wa tenisi umguse kioo.

Mpira ule aliufunga kwa kimo cha gari langu. Langu ni refu kwenda juu. Lake unalipanda kwa kuchuchumaa. Mpira ukapita juu ya paa lake taratibu bila kugusa kitu, na Arlen akaendelea kuusubiri mpaka kwenye friza.

Kwa! Upepo wote wa gari lile ukatoka kwa mlio mmoja, bomba la mbele limevunjika vipande viwili, na friza yenye nyama ya paa mzima wa msimu wa kuwinda imekunjamana ubavu.

Nililia kwa kicheko. Delbert alikaa kwenye theluji. Arlen akatoka, akavua kofia, akaangalia friza, akaangalia mpira unaobembea.

"Karatasi inasema limalize mashindano," akasema.

"Limemaliza," nikasema. "Gereji ni yako. Nimekwisha kubali."

Akaurudisha mpira kwa kidole ukome kubembea. Kisha akaweka gia huru.

"Delbert, inuka," akasema. "Njoo tulisukume nje. Na wewe Marlys, washa gari lako. Ukigusa mpira, simama."