Chumba Kisicho na Mtu

Kazi ya fundi ilikuwa kufunga kidude cha darini, kile kinachozima taa na feni kikiona chumba hakina mtu, ili umeme wa jua wa jiji usipotee bure. Cha kwanza alikifunga kwa mama yake, aliyelazwa na kiharusi chumba cha nyuma. Mwisho wa mwezi jiji likamtumia pongezi: nyumba yao imeongoza mtaa mzima kwa kubana umeme! Alitamba nazo kazini mpaka wenzake wakamwambia afunge domo.

Alasiri moja akarudi ghafla kuchukua drili aliyoisahau. Mapazia yamefungwa, chumba giza, joto la tanuri, mama amelowa jasho chapachapa. Alipokanyaga tu ndani, taa ikawaka, feni ikaanza kuzunguka.

Kumbe kila yeye au jirani anayemlisha mama akitoka, lile dude shenzi lilimtazama mama asiyeweza kuinua hata kidole, likaona hakuna mtu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, baba," mama akajikongoja na ulimi wake mzito. "Sikutaka kukuharibia."

Akapanda juu ya kiti, akaling'oa kwa mikono mitupu. Feni ikazunguka mchana kutwa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne jiji likaandika tena: "Matumizi yenu yamepanda. Je, kuna mtu amehamia chumba cha nyuma?"