Patroni za Kwaya Ukutani

Panya wamekula patroni zako. Ndivyo alivyoniambia Faustin, mume wangu, niliporudi kutoka msibani. Gunia zima la karatasi za mifuko ya saruji nilizokatia nguo, kila karatasi na vipimo vya mwanakwaya mmoja, na panya hawakuacha hata kipande. Panya wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wana njaa, lakini si hivyo.

Mama Espérance, rais wa kwaya, alisema nimeziuza kwa mafundi wa soko la Biwi. Akaninyang'anya kazi ya nguo za Pasaka, akanitangaza mwizi kanisani. Tangu hapo hakuna aliyeniletea hata suruali ya kupunguza. Cherehani ikapata likizo, mimi nikapata aibu.

Kisha Ezechiel, kijana wa hapo kambini aliyegeuka mchoraji wa sanaa ya kisasa, akaialika kwaya iimbe kwenye maonyesho yake katika jumba la sanaa la Lilongwe. Nami mwizi nikapandishwa garini, maana sauti ya kwanza haikuwa na mtu mwingine.

Kuingia tu, patroni zangu hizo, ndani ya vioo! Kazipaka nyekundu na nyeusi, mgongo wa huyu kichwa chini, mkono wa yule kaubandika kwenye kola. Kumbe Faustin alimgawia gunia langu, akidhani ni takataka, kisha akawasingizia panya. Katikati, kubwa kuliko zote, sketi yenye mwandiko wangu: 124.

Mzungu mmoja akauliza namba hiyo ni ya nini. Ezechiel akafumba macho. Ni siku alizotembea yeye kwa miguu kutoka Fizi, kwetu Kongo, akasema kwa Kiingereza. Ezechiel huyu alikuja kwa basi, tena kiti cha dirishani. Mgeni mmoja akafuta machozi mbele ya makalio ya Mama Espérance.

Mama Espérance hajui Kiingereza. "Régine, banasema nini juu ya ile numero?"

"Iko kipimo yako, Mama. Sasa njo bote batajua mi sikuuzisha kitu." Nikanyoosha mkono juu.

Akanibana kiwiko. "We! Nyamaza, kwa jina ya Yesu!"

"Na jina yangu, nani ataisafisha?"

Akaitazama sketi, akawatazama wageni. "Nguo ya Pasaka utashona we. Dimanshi, kwa ibada, nitasimama mbele ya kanisa, nikuombe musamaha."

Ezechiel alikwisha kuuona mkono wangu. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kama nina swali.

Nikasema sina. Nilitaka tu kumpa pole ya safari.