Vyungu vya Mama Cyril

Wanawake wa misheni na wanawake wa Kiislamu, katika kijiji kimoja cha Newala, walikuwa wameacha kuteremka pamoja bondeni kuchota maji. Waligombania zamu kisimani, maneno ya dini yakaingia, na tangu hapo kila upande ulikwenda na wake. Mwalimu Emilia, aliyeletwa kutoka Masasi kufundisha shule ya misheni, hakuwa na ndugu hata mmoja huko juu. Zamani alikuwa akiteremka nao wote. Sasa aliteremka peke yake, na ukimya wa njiani ulimlemea kuliko mtungi kichwani.

Ndipo akaamua kuwalisha pamoja. Alipata mbuzi, akamwita Rajabu, mchinjaji wa Kiislamu, amchinje ili Waislamu wale bila wasiwasi. Vyungu akaazima kwa Mama Cyril, mkubwa wa akina mama wa kanisa.

Jumamosi walikuja. Walikaa mikeka miwili, lakini walikuja. Emilia alipakua kwa furaha.

"Mbuzi wa Mkristo kachinjwa kwa bismillahi," alisema Mama Cyril, akigeuzageuza mnofu. "Kwani kisu cha Edmund wetu, mchinjaji wa kanisani, kimeshika kutu?"

"Kula, Mama Cyril, au bismillahi inakukwama kooni?" Bi Pili alimjibu kutoka mkeka wa Waislamu.

Watu wakacheka, hata Mama Cyril mwenyewe. Kisha, kwa kutaka kumshinda mwenzake kwa mzaha, akasema, "Kula wewe. Chungu hicho Pasaka kilipikiwa nguruwe wa porini, ndiyo maana mchuzi umekolea."

Kicheko kilikatika. Bi Pili alitema tonge kiganjani, akasimama, na mkeka wote ukasimama naye.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mchinjaji ulimtafuta. Chungu hukuuliza?"

Hakuuliza. Emilia alikulia jirani na Waislamu, habari ya kisu aliijua. Ya chungu hakuna aliyewahi kumwambia, kwa kuwa hakuna Mwislamu aliyewahi kula kwao.

Mama Cyril naye alikusanya vyungu vyake, nyama akaimwaga kwenye majani ya mgomba. "Umetuaibisha sote. Hamia kwao basi, tuone kama watakupokea."

Kesho yake, baada ya ibada ambayo hakuna aliyekaa naye benchi moja, Emilia alikwenda kwa Bi Pili. Alimkuta uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuuliza yale ambayo sikuuliza."

"Leo sina la kukuambia, Mwalimu."

"Basi nitakaa tu."

"Kaa. Sijakufukuza."

Emilia alikaa chini, kwenye kivuli cha ukuta. Hakuletewa kigoda wala maji. Wapita njia walimtazama, wakanong'onezana, wakaenda zao. Makapi yaliruka yakamtua kichwani, naye hakuyapangusa. Jua lilipomfikia alisogea kidogo, akaendelea kukaa.